Oti ya Kulisha Ng'ombe Lazima Izae Mbegu Pia

Kwa miaka mingi oti imepimwa kwa gunia. Aina ikitoa nafaka nyingi, nzito, yenye maganda membamba, inaitwa bora, isipotoa, inaachwa. Mimi nafanya kazi upande wa pili wa zao hilihili, ambako mmea hukatwa ungali wa kijani na kupelekwa horini kabla punje hazijakauka, na huku gunia peke yake halitoshi kutoa hukumu. Ng'ombe anakula jani, bua na suke changa. Kilicho muhimu kwake ni kiasi gani cha hayo kinageuka kuwa maziwa na nyama, na kiasi gani kinapita tumboni na kutoka karibu kama kilivyoingia.

Aina nyingi za oti zinazokatwa kijani hazikuzalishwa kwa kazi hiyo. Kabla ya trekta, farasi ndio waliovuta plau na mikokoteni Ulaya na Amerika Kaskazini, na punje za oti ndizo zilizowapa nguvu. Hata kituo cha utafiti cha Aberystwyth, Wales, kilichoanzishwa mwaka 1919 na kujulikana zaidi kwa nyasi na klova, kilikuwa na oti miongoni mwa mazao yake ya mwanzo, na hadi leo inaendelea kuboreshwa hapo. Trekta lilipowaondoa farasi shambani, eneo la oti lilipungua sana katika karne ya 20, na fedha nyingi za utafiti zikaelekea kwenye ngano na mahindi. Wafugaji walichukua aina za nafaka zilizokuwapo, wakazikata mapema, zikawafaa kiasi. Kazi ya kuzalisha aina mahsusi za malisho ilichelewa, na mahali pengi bado inafanywa na watu wachache wenye vitalu vichache.

Kuna jambo ambalo nimekuwa nikibishana nalo na wenzangu kwa muda mrefu. Naamini kwamba oti ya malisho inayoongoza kwa majani lakini haizai mbegu ya kutosha haijashinda chochote, hata kama jedwali la majaribio linaonyesha vingine. Ili nieleweke, inabidi nianze na tumbo.

Oti iliyo karibu kutoa suke ina maji zaidi ya asilimia 80. Ukiikausha, kile kinachobaki kinaweza kuwa na protini inayozidi asilimia 15 kama udongo ulikuwa na naitrojeni ya kutosha. Iache isimame mpaka punje ziwe laini kama unga uliokandwa, na protini inaweza kushuka hadi asilimia 9 au chini ya hapo. Wakati huohuo bua linajaa ligini, ile dutu inayolifanya lisimame wima, ambayo vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe havina uwezo wa kuivunja. Hasara hiyo hufidiwa kwa sehemu na wanga unaojaa kwenye punje, ndiyo maana watu wanaotengeneza saileji, yaani malisho mabichi yanayochachushwa na kuhifadhiwa, mara nyingi husubiri hatua hiyo. Uzito kwa hekta unapanda, ubora kwa kilo unashuka. Kwa hiyo ukiniuliza ni aina gani bora kati ya mbili, nitakuuliza kwanza unakata lini. Nimeona aina moja ikiongoza katika mkato wa mapema na kushika mkia katika mkato wa saileji, kitalu kilekile, msimu uleule.

Ubora huo hauonekani kwa macho. Mwaka 1963 Tilley na Terry, watafiti wa Uingereza, walichapisha njia ya kupima umeng'enyaji ndani ya chupa: majani yaliyosagwa yanalowekwa kwa saa 48 katika majimaji yaliyochotwa tumboni mwa mnyama, kisha saa nyingine 48 katika asidi na pepsini, kimeng'enya kinachovunja protini. Njia hiyo bado inatumika. Nyingine, ambayo mimi naipenda zaidi, ni ya vifuko vya nailoni. Ng'ombe au kondoo aliyefanyiwa upasuaji ana mlango mdogo ubavuni, wenye kizibo cha mpira, unaoingia moja kwa moja kwenye tumbo kubwa. Unapima gramu chache za sampuli kavu, unaziweka kwenye kifuko chenye matundu madogo mno, unafunga, unaning'iniza vifuko kadhaa kwenye mnyororo na kuvizamisha ndani. Baada ya saa zilizopangwa unavitoa, unavisuuza mpaka maji yatoke safi, unavikausha na kuvipima. Sampuli mbili zilizofanana kwa rangi na urefu zinatoka humo moja ikiwa imebaki theluthi, nyingine ikiwa imebaki sehemu kubwa. Ukishaliona hilo, huwezi tena kuchagua aina ya malisho kwa kuangalia urefu wa mmea.

Tatizo ni kwamba vipimo hivyo ni vya polepole, na mtafiti wa mbegu ana mistari mamia, yaani familia za mimea iliyotokana na mzazi mmoja. Siku hizi kuna mashine inayomulika sampuli kwa mwanga wa infraredi na kukadiria protini na nyuzinyuzi kwa dakika chache. Makadirio yake yanategemea kabisa sampuli zilizotumika kuifundisha. Mashine iliyofundishwa kwa hei (malisho yaliyokaushwa) ya nyasi haitakupa jibu la kuaminika kuhusu oti.

Sasa tuje kwenye ukataji wenyewe. Kuna oti ya kukatwa mara moja na oti ya kukatwa mara kadhaa, na tofauti yake ipo kwenye sehemu moja ndogo sana ya mmea. Mwanzoni, sehemu inayokua na kutengeneza majani mapya imejificha chini kabisa, karibu na udongo. Muda ukifika, pingili zinaanza kurefuka na kuisukuma juu ndani ya bua. Pasua bua changa kwa wembe, kwa urefu, na utaiona: kinundu cheupe kidogo ambacho baadaye kitakuwa suke. Panga au mundu ukipita juu yake, chipukizi lile linaendelea kama vile halikuguswa. Ukipita chini yake, chipukizi limekufa, na mmea unalazimika kuanza upya kwa machipukizi mengine kutoka kwenye shina la chini. Oti inayochelewa kurefusha pingili inavumilia mkato wa kwanza na kurudi haraka. Inayowahi kurefuka inatoa mzigo mkubwa mara moja na kuishia hapo. India, ambako oti ya malisho imefanyiwa kazi kubwa kuliko nchi nyingi, majaribio yao ya kitaifa hutenganisha kabisa aina za mkato mmoja na za mikato mingi, na hiyo ndiyo njia ya haki. Kuzishindanisha pamoja ni kuzidhulumu zote mbili.

Muda wa kurefuka hutegemea urefu wa mchana, kwa kuwa oti huharakisha kutoa suke mchana unapokuwa mrefu, na kwa baadhi ya aina hutegemea pia baridi iliyopita kwanza. Tabia hii hurithiwa kwa uhakika mkubwa. Mzazi anayechelewa huwapa watoto wake ucheleweshaji huo waziwazi, jambo ambalo huwezi kulisema kuhusu uzito wa majani, ambao hubadilika kwa kila kona ya shamba yenye samadi zaidi au maji zaidi. Mtafiti mwenye akili anachagua mapema kwa tabia zinazorithiwa vizuri, kama tarehe ya suke, upana wa jani, unene wa bua na ukinzani wa magonjwa, na anasubiri vizazi vya baadaye kabla ya kuamini mizani.

Kuchanganya wazazi wawili ni kazi ya vidole. Oti hujichavusha yenyewe. Maua yake yamo ndani ya vijisuke vinavyoning'inia, na kila kijisuke kimefungwa na makapi mawili membamba, ndani yake mna maua mawili au matatu. La kwanza ndilo kubwa, ndilo tunalolitumia, mengine tunayang'oa. Suke hukomaa kutoka nchani kushuka chini, hivyo siku moja unakuta vijisuke vya juu viko tayari na vya chini havijatoka hata kwenye ala ya jani. Unalipasua ua kwa kibanio chenye ncha kali, unatafuta vifuko vitatu vya chavua. Vikiwa bado kijani, unaendelea. Vikianza kuwa vya manjano umechelewa, ua limeshajichavusha au liko mbioni kufanya hivyo. Unavitoa vyote vitatu bila kuvipasua na bila kuigusa stigma, sehemu ya ua inayopokea chavua, na hapo ua limehasiwa. Unalifunika suke kwa mfuko mwembamba, unaandika lebo, unarudi baada ya siku mbili hivi na chavua ya baba. Kazi hii ya kurudi hufanyika alasiri, kwa sababu oti hufungua maua yake mchana ukishakuwa mkubwa. Hata mikono iliyozoea hupata punje chache kuliko maua iliyoyashughulikia. Makapi ya oti ni laini, ukiyajeruhi kidogo ua lote linakauka.

Punje hizo ndizo kizazi cha kwanza, na mimea yake yote inafanana. Kizazi cha pili ndicho kinachofungua mlango, maana humo kila mmea ni tofauti na mwenzake. Na humo ndimo mtu anayetafuta malisho anapodanganyika kwa urahisi. Mimea ya kizazi cha pili hupandwa kwa nafasi, mmoja mmoja, ili kila mmoja aonekane. Katika nafasi hiyo, mmea wenye machipukizi mengi hujitanua na kuonekana mfalme. Lakini shamba la mfugaji halipandwi hivyo. Linapandwa kwa msongamano, kilo 80 hadi 100 za mbegu kwa hekta, na katika msongamano huo machipukizi mengi ya mfalme wetu hufa kwa kukosa mwanga. Ninayemtafuta mimi ni yule anayesimama vizuri akiwa amebanwa na ndugu zake. Kwa hiyo natumia kizazi cha pili kuondoa tu: wenye ugonjwa, wenye bua dhaifu, wenye majani membamba. Kusifia nakuacha mpaka niwe na mbegu ya kutosha kupanda mstari kwa msongamano, na tangu mchanganyo wa kwanza hadi mfugaji kupata mfuko, miaka 10 ni kitu cha kawaida. Taa zinazowashwa karibu usiku kucha kwenye nyumba za vioo zimeanza kukifupisha kipindi hicho, kwa kuwa oti hupenda mchana mrefu na hukimbilia kuzaa. Zinaharakisha vizazi, ila haziondoi haja ya kuipima mimea shambani kwa misimu kadhaa.

Ugonjwa nautaja peke yake kwa sababu katika malisho una uzito wa pekee. Adui mkubwa ni kutu ya majani, kuvu anayeitwa Puccinia coronata. Anatoa vidonda vya rangi ya chungwa juu ya jani. Ukipitisha kidole, unga unabaki kwenye ngozi. Mkulima wa nafaka anaweza kuiponyoka kutu ikija mwishoni, punje zikiwa zimeshajaa. Mkulima wa malisho hana pa kukimbilia, kwa sababu jani lenyewe ndilo mavuno yake. Tena oti inayokatwa mara nyingi inakuwa na majani mapya msimu mzima, na msongamano wake huhifadhi unyevu, mambo mawili ambayo kutu inayapenda sana. Mifugo nao huikwepa oti yenye kutu, wakiwa na cha kuchagua.

Historia ya kutu hii ina kisa ambacho kila mtu anayezalisha mbegu anapaswa kukijua. Mwaka 1927 Marekani ilipokea kutoka Uruguay oti iliyoitwa Victoria. Ilikuwa na jeni moja ya nguvu dhidi ya kutu, na watafiti waliitumia kuzaa aina kama Vicland, Tama na Boone. Zilienea kwa kasi ya ajabu. Kufikia katikati ya miaka ya 1940, sehemu kubwa ya oti iliyopandwa Iowa na majimbo ya jirani ilikuwa na damu ya Victoria. Kisha mimea ikaanza kunyauka kwa ugonjwa ambao hakuna aliyekuwa akiuhofia. Mwaka 1946 na 1947 watafiti Meehan na Murphy waliueleza: kuvu mwingine kabisa, anayejulikana kama Cochliobolus victoriae, alikuwa anatoa sumu iliyoua oti zenye jeni ya Victoria tu. Oti nyingine haikudhurika. Ukinzani dhidi ya kutu na udhaifu mbele ya kuvu huyu vilikuwa vinatembea pamoja, na majaribio ya kuvitenganisha hayajafaulu mpaka leo. Aina za Victoria zikaondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na aina zilizotokana na Bond, oti ya Australia. Hazikukaa muda mrefu kabla kabila jipya la kutu, lililopewa namba 45, halijazivunja.

Iowa hawakukisahau kisa hicho. Watafiti Browning na Frey, mwishoni mwa miaka ya 1960, walikuja na mbegu mchanganyiko: mistari kadhaa ya oti inayofanana kwa urefu na kwa kukomaa, kila mmoja ukiwa na jeni tofauti ya ukinzani. Kutu ikishika mmea mmoja, jirani yake hailiki na kabila hilo la kutu, mwenendo wa ugonjwa unapungua. Kwa nafaka ya kiwandani wazo hili lina usumbufu wake, kwani mnunuzi anataka punje za sura moja. Kwa malisho sioni kizuizi chochote. Ng'ombe hajali kama machipukizi yaliyo mdomoni yanatoka kwenye mistari mitano. Nashangaa kwa nini mbegu za malisho za namna hii ni adimu, wakati Queensland, Australia, ambako oti ya kulishia ni zao kubwa la msimu wa baridi, aina baada ya aina zimepoteza ukinzani wake ndani ya miaka michache baada ya kutolewa.

Jeni mpya nyingi za ukinzani zimetoka kwa ndugu wa pori. Oti ya shambani, Avena sativa, ina kromosomu 42, yaani seti tatu za jozi zilizounganishwa na historia ndefu. Avena sterilis, magugu ya nchi zinazozunguka Mediterania, ina kromosomu 42 vilevile na huchanganyika nayo bila shida kubwa. Ndiko zilikotoka jeni nyingi za ukinzani dhidi ya kutu zinazotumika sasa. Avena strigosa, oti nyeusi ambayo kusini mwa Brazili hulishwa mifugo na pia kufunika udongo, ina 14 tu. Kuhamisha jeni kutoka huko kunahitaji madaraja, yaani mimea ya kati ya kuunganisha aina hizo mbili, mbinu na subira. Mwaka 2022 ramani kamili ya vinasaba vya oti ilichapishwa katika jarida la Nature. Ni kubwa zaidi ya mara tatu kuliko ya binadamu. Nimeifurahia kweli, kwa sababu sasa jeni ya ukinzani dhidi ya kutu inaweza kufuatiliwa kwa kipimo cha jani la mche, bila kusubiri ugonjwa uje wenyewe. Lakini oti ya pori huja na mizigo yake pia: punje zinazopukutika zikikomaa, nywele ngumu kwenye ganda, na usingizi wa mbegu unaofanya nyingine ziote msimu huu na nyingine msimu ujao. Kuisafisha mizigo hiyo ndiko kunakula miaka.

Niseme kwa ufupi kuhusu naitreti, chumvi yenye naitrojeni ambayo mmea huifyonza kutoka udongoni. Oti huikusanya kwa wingi, hasa sehemu ya chini ya bua, ikirutubishwa sana kisha ikapata ukame au baridi kali. Tumboni hugeuka kuwa naitriti, ikiingia kwenye damu inaifanya ishindwe kubeba oksijeni, na damu inakuwa ya kahawia. Ng'ombe waliokufa kwa hei ya oti magharibi mwa Marekani miaka ya 1930 ndio waliowafanya watafiti waigundue sababu. Uzalishaji wa mbegu haujaleta tiba. Kinga iko mikononi mwa anayelisha: asirutubishe kupita kiasi, akate juu kidogo zaidi, apime pale anapokuwa na shaka.

Sasa nirudi kwenye mbegu, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike. Oti ya malisho hukatwa kabla ya kuzaa. Mfugaji aliyefanya kila kitu sawasawa hana punje hata moja ya kupanda msimu ujao, isipokuwa aliacha kipande kisikatwe au ananunua. Mtu lazima amzalishie. Na ukiangalia sifa tunazozichagua kwa bidii kwenye vitalu vyetu, karibu zote zinamkwaza mtu huyo. Tunataka mmea uchelewe: unapokomaa, msimu umekwisha au mvua imerudi. Tunataka majani mengi na mmea mrefu: suke likijaa, bua linalala, na punje zinaozea chini. Tunataka machipukizi yasiyoisha: masuke yanakomaa kwa zamu, ya kwanza yanapukutika wakati punje za ya mwisho bado ni laini kama maziwa. Tunataka ukatwe mara tatu kwanza: kinachobaki cha kuzaa mbegu ni machipukizi yaliyochoka.

Fanya hesabu nami. Tuseme hekta moja hupandwa kwa kilo 100. Aina ya kwanza inazaa mbegu kilo 1,000 kwa hekta, ya pili 2,000. Anza na hekta moja ya kila aina. Msimu mmoja wa kuzidisha unakupa mbegu ya hekta 10 kwa ile ya kwanza, na hekta 20 kwa ya pili. Msimu wa pili, 100 dhidi ya 400. Msimu wa tatu, 1,000 dhidi ya 8,000. Tofauti iliyokuwa mara mbili kitaluni imekuwa mara nane shambani, kabla hatujataja gharama. Kampuni au kikundi kinachozidisha mbegu kinaifanya hesabu hiyo kila msimu, na kinachagua. Ndiyo sababu aina kongwe za nafaka bado zinatawala mashamba ya malisho katika nchi nyingi, na aina mpya zilizozishinda kwa majani zimebaki majina kwenye orodha za serikali. Mfugaji hajazikataa. Hajawahi kuziona.

Wenzangu hunijibu kwamba huwezi kupata vyote, kwamba nguvu inayokwenda kwenye jani haiendi kwenye punje. Kuna ukweli humo, lakini si ukweli wote. Maisha ya mmea wa oti yana vipindi: cha kutengeneza majani, cha kurefuka, cha kujaza punje. Urefu wa kila kipindi unaongozwa kwa sehemu na jeni tofauti, kwa hiyo inawezekana kutafuta familia zinazokaa muda mrefu kwenye majani, halafu zikishaanza zinarefuka haraka, zinatoa masuke karibu kwa pamoja na kukomaa kwa pamoja. Zipo. Nimezitembelea mistarini, na ukizijua unazitambua hata kwa mbali: kitalu kinakaa kijani wakati majirani wana masuke, halafu ndani ya siku chache kitalu chote kinabadilika kwa mpigo. Bua imara nalo halipingani na lishe kwa kiwango tunachodhani. Unene wa bua na ligini ni vitu viwili. Bua nene lenye ukuta mlaini kiasi linaweza kusimama na bado likamfaa ng'ombe. Vifuko vya nailoni vitakuambia lipi ni lipi.

Na oti ina neema moja ambayo mahindi chotara hayana. Kwa kuwa hujichavusha, mfugaji akipata mbegu safi mara moja anaweza kuitunza kwa misimu kadhaa bila aina kuharibika, mradi aiepushe na mchanganyiko na magugu. Aina inayozaa mbegu vizuri inajisambaza yenyewe, kutoka jirani hadi jirani, hata pale ambapo hakuna duka la pembejeo wala kampuni yenye nia. Aina isiyozaa inategemea mnyororo mzima wa mbegu ya mtafiti, ya msingi na iliyothibitishwa uwe mzima kila mwaka, na mnyororo huo ukikatika kiungo kimoja tu, imetoweka.

Kwenye vitalu ninavyovisimamia, uamuzi umeshafanyika. Tangu kizazi cha nne, kila mstari unapandwa mara mbili. Nusu moja inakatwa kwa ratiba ya malisho mpaka mwisho. Nusu nyingine inakatwa mara moja tu, mapema, juu ya sehemu inayokua, kisha inaachwa izae, na ninaandika tarehe ya suke la kwanza na la mwisho, asilimia ya mabua yaliyolala, na kilo za mbegu safi. Safu hiyo ya kilo za mbegu inakaa kwenye jedwali kando ya safu ya uzito mkavu na safu ya umeng'enyaji, kwa maandishi ya ukubwa uleule. Mstari ulioongoza kwa majani na kushindwa kwenye safu hiyo hautupwi; unarudi kwenye nyumba ya vioo kuwa mzazi, upate mwenza mwenye masuke yanayokomaa pamoja. Kinachokwenda mbele kwa jina jipya ni kile kilichofaulu zote tatu. Ombi langu kwa kamati zinazoidhinisha aina mpya za malisho ni kwamba zidai safu hiyo kutoka kwa kila mwombaji, kama zinavyodai ya majani.